Sufuria za Bundi

Mwezi wa kumi mwaka 1997 nilimfukuza Feliksi kwenye karakana yangu ya Ujiji kwa kosa la kuuza alumini yangu, na Feliksi alikuwa hajauza hata kijiko. Akapelekwa kambini Lugufu. Karakana nayo ikakosa kazi pekee ambayo ingeiokoa. Kosa lilikuwa langu, na nitalieleza kama lilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kusubu sufuria. Shule niliiachia darasa la tano, nikaingia kwenye mkaa na mchanga, na sijatoka mpaka leo. Karakana iko nyuma ya nyumba ya mama yangu, Bi Mwanamvua, njia ya Rusimbi. Tunanunua alumini chakavu: pistoni, vichwa vya injini, sufuria zilizotoboka, chochote. Tunayeyusha kwa mkaa na feni ya kuzungusha kwa mkono, tunamimina kwenye kalibu ya mchanga, tunasubiri, tunavunja, tunapiga tupa. Sufuria yetu ni nzito na rangi yake imefifia, lakini inakaa miaka ishirini. Siku zile tulikuwa wanne: mimi, Omari ambaye tumekua pamoja, na ndugu wawili wa Mwandiga waliokuwa wakipanga mchanga.

Wakimbizi walipoanza kuja kwa wingi, kwanza kutoka Burundi, halafu kutoka Zaire, kila familia kambini ilipewa sufuria za msaada. Zilikuwa nyepesi, zinang'aa kama kioo, na chini zimegongwa chapa ya bundi. Haikupita muda zikaanza kuonekana sokoni Ujiji na Mwandiga. Sikuwalaumu waliouza. Mtu aliyekula unga na maharage miezi mitatu mfululizo ana haki ya kutamani dagaa. Lakini bei ya bundi mmoja ilikuwa ndogo kuliko mkaa ninaochoma kutoa sufuria moja. Wateja wakahama.

Kilichobaki ni kwamba wanawake wa Ujiji hawakutaka kupika juu ya bundi. Bundi akilia juu ya paa watu wanasoma dua, sasa umweke chini ya wali? Wakawa wananunua sokoni, halafu wanatuletea sisi tumwondoe. Omari akaweka kigoda mlangoni na tupa moja, akawa anakwangua ndege kutwa nzima. Kila mteja alimwambia, "Huyu wako hajafa bado, macho yanaonekana." Kwa miezi minne karakana ya kusubu sufuria iliishi kwa kukwangua bundi.

Feliksi alikuja wakati huo, Novemba 1996. Alikuwa ameshuka kwenye mwalo wa Katonga kwa boti kutoka Uvira, upande wa Zaire, akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Mtu wa makamo, mwembamba, anayetembea polepole kama anapima uwanja. Siku hiyo tulikuwa tunayeyusha mzigo mdogo. Akasimama nje ya uzio, akanusa, akasema bila salamu:

"Muzee, moto wenu ni mukali sana. Munaunguza mali."

Omari akamwambia kama anajua kupika aingie jikoni. Akaingia. Akaomba feni ipunguzwe, akatupa chumvi kidogo juu ya ule uji wa alumini, akasubiri, akakwangua taka zilizopanda juu. Chini yake alumini ilikuwa safi kama maziwa ya asubuhi. Sikuwahi kuiona hivyo kwa miaka kumi na saba. Alipoinua mkono kufuta jasho tukaona saa yake. Kwenye uso wa saa alikuwa amechorwa bundi yule yule.

"Huyu ndiye mwenye ndege zake," Omari akasema. "Mleteni kwenye kigoda."

Hivyo ndivyo tulivyoijua Kampuni. Ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo Feliksi alilitamka vizuri na sisi hatukuliweza, kwa hiyo tuliiita Kampuni ya Bundi. Mchana, chuma kikiwa kinapoa, alitusimulia kipande kipande. Alisema ilianzishwa na ndugu wawili katika nchi ya baridi, watu waliokuwa na maporomoko ya maji nyuma ya shamba la baba yao na hawakujua wayafanyie nini. Bundi alikuwa anaishi kwenye jabali la pale. Alumini, alisema, si mali ya mwenye udongo, ni mali ya mwenye umeme. Udongo mwekundu unachimbwa pwani ya magharibi ya Afrika, unapikwa kwa magadi makali mpaka unabaki unga mweupe kama sembe, na ule unga unatiwa umeme mwingi mpaka unageuka chuma. Kwa sababu hiyo Kampuni ilikuwa inatembea dunia nzima kutafuta maporomoko. Palipo na maji yanayoanguka, watu wa Bundi walifika na ramani.

Walifika Zaire pia, miaka ya sabini. Walitaka kujenga kiwanda karibu na mwisho wa ule mto mkubwa, kule unakoangukia baharini. Wakachagua vijana thelathini wa kufundishwa. Feliksi alikuwa mmoja wao. Walipelekwa miaka miwili kwenye kiwanda cha Kampuni katika nchi nyingine, akawekwa kwenye ukumbi wa vyungu.

"Vyungu?" nilimwuliza.

Ndivyo walivyoviita. Vyungu mia mbili vya chuma, kila kimoja kikubwa kama chumba, vimepangwa mistari miwili mpaka macho yanachoka. Ndani yake unga unayeyuka. Havizimwi usiku wala mchana, wala sikukuu. Umeme ukikatika kwa saa nne, kila kitu kinagandia ndani na chungu kinakuwa jiwe. Akasema yeye aliogopa giza kuliko moto.

Omari alicheka sana. Akasema kumbe na Wazungu nao ni wasubu sufuria, ila wao wameanza na vyungu vikubwa.

Kiwanda cha Zaire hakikujengwa. Bei ya alumini ilishuka huko duniani, Kampuni ikakunja ramani, ikaacha msingi wa saruji porini na bango. Vijana thelathini walipewa cheti na saa kila mmoja, wakarudishwa makwao. Feliksi alirudi Uvira akawa fundi baiskeli. Hakuisema Kampuni kwa ubaya. Saa aliivaa kila siku, na ilikuwa inakwenda sawa. Mama alimwomba tu jambo moja, akiingia ndani kula aivue aiache barazani, na Feliksi aliivua.

Tuliishi naye hivyo karibu mwaka. Alilala chumba cha uani. Tangazo lilipotoka kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini waende kambini, nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Leodgar, Muha wa Kasulu, mtu mtaratibu. Nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," ili moyo wake ulainike, kisha nikasaini karatasi kwamba Feliksi ni ndugu yangu na ninamjibia. Si uongo sana. Bibi mzaa mama alitoka ng'ambo ile, Umanyema, aliletwa Ujiji akiwa mtoto na akazeekea hapa. Leodgar aliniambia karatasi hiyo inasimama kwa maneno yangu tu. Siku nikiyaondoa, imekwisha.

Sasa kuna neno moja lazima nilieleze hapa. Kwa Kiswahili cha kwao Feliksi, *kuuza* ni kununua. Anayetoa mali akapokea pesa, wao wanasema *anauzisha*. Wiki ya kwanza tu alituambia anakwenda kuuza sigara. Omari akamwuliza nani atanunua sigara zake na yeye hana hata moja. Akaenda, akarudi na sigara, akasema ameziuza kwa Mwarabu wa dukani. Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Wanawake wa sokoni nao wakamcheka. Baada ya mwezi alishajifunza, akawa anasema *nimenunua* kama sisi, na sikumsikia tena akikosea. Kwa hiyo neno lile lilinitoka kichwani. Nilijua, nikasahau. Sitasema sikujua.

Mwezi wa tisa alikuja mtu anayeitwa Wilfred, bwana ghala wa shirika moja la misaada. Alikuwa na shida. Kwenye vituo vya kupokelea wageni walikuwa wanapika uji wa watu mia kwa mkupuo, na sufuria kubwa za bundi zilikuwa nyembamba mno. Moto wa kuni ulizila, zikatoboka kabla ya mwezi kwisha. Alikuwa amesikia kuna watu Ujiji wanasubu. Akataka sufuria arobaini za majaribio, za lita hamsini. Zikipita, atachukua mia sita.

Mia sita. Ilikuwa riziki ya mwaka mzima kwa watu kumi. Nilimwuliza atazijaribu vipi. Akasema atazipasha moto tupu, atazimwagia maji baridi, kisha ataziachia kutoka usawa wa kifua zianguke kwenye saruji. Akazitaka Jumatatu ya tarehe ishirini. Alitupa wiki tatu, akatoa nusu ya mkaa.

Feliksi alishika kichwa. Sufuria zetu ndogo zilikuwa na tabia ya kupata ufa karibu na masikio. Sisi tulidhani ni mchanga. Yeye alisema ni damu chafu, kwamba tunachanganya vyuma visivyopendana. Aliniahidi atatafuta dawa. Nikamwambia atafute, mimi nina mambo ya kalibu.

Wiki ya mwisho ilipoanza, baba yao wale ndugu wawili wa Mwandiga akafariki. Huwezi kumwachia mtu wako azike peke yake. Tukafunga kazi Jumapili, tukaenda wote, tukakaa matangani siku tatu. Tulimwacha Feliksi alinde karakana. Lundo la alumini lilikuwa tayari, nimelikusanya mwenyewe kwa miezi miwili, linafika kiunoni.

Tulirudi Jumatano asubuhi. Lundo lilikuwa linafika magotini.

Kabla sijavua viatu jirani mmoja, mwuza mihogo, aliniambia kwamba jana yake alimwona mgeni wangu Katonga akipima alumini kwenye mizani na mtu wa boti. Alisema kwa nia njema. Nikaenda uani. Feliksi alikuwa anachekecha mchanga. Omari na wale ndugu wawili walikuwa nyuma yangu, na wanawake wawili wenye sufuria za kukwanguliwa walikuwa mlangoni. Nilimwuliza mbele ya wote hao, na sauti yangu haikuwa ya kuuliza.

"Lundo langu limepungua."

"Limepungua, ndiyo."

"Jana ulikuwa Katonga."

"Nilienda." Akaweka chekecheke chini. Alitazama watu waliosimama, akanitazama mimi. "Nimeuza alumini, Muzee. Kilo makumi sita na mbili. Bei ilikuwa nzuri. Kama ningekungoja, ingeenda."

"Ukauza bila kuniambia."

"Ulikuwa kwenye kilio."

Nikaangalia mkono wake. Palikuwa na alama nyeupe tu pale saa ilipokuwa inakaa. Nikamwuliza na saa je. Akasema saa nayo imeenda. Hapo hesabu yangu ikatimia: mtu anauza mali ya mwenyeji, anauza na ya kwake, amekusanya nauli, kesho humwoni. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Mojawapo nilimwambia tumempa chumba naye ametupa bundi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ngoja siku ya Mungu, utaona."

Kwetu siku ya Mungu ni kiyama. Nilielewa ananilaani, nyumbani kwa mama yangu, mbele ya watu. Nikatoka hapo hapo mpaka kwa Leodgar, nikamwambia Feliksi si ndugu yangu na simjibii tena. Leodgar aliniuliza kama nimelala na hilo neno. Nikamwambia sihitaji kulala nalo. Akafungua kabati, akatoa karatasi yangu, akaandika juu yake, nikasaini mara ya pili. Alhamisi asubuhi lori la kambi lilipita Rusimbi, Feliksi akapanda na mfuko wake mmoja. Hakubishana na mtu. Kabla ya kupanda alimwambia Omari kwamba mchanga umeshachekechwa, tuufunike usinyeshewe.

Siku hiyo hiyo Omari alikwenda chooni, akakuta nyuma ya ukuta magunia matatu yamefunikwa makuti. Ndani yake alumini yangu. Nilifurahi kama aliyefumania. Nikamwambia Omari, umeona, hizi ndizo alikuwa hajapata muda wa kuzisafirisha. Tukayabeba magunia, tukayamwaga kwenye lundo, tukawasha moto. Tulisubu Alhamisi, Ijumaa baada ya swala, Jumamosi, na Jumapili mpaka adhuhuri. Sufuria arobaini. Ukizitazama zilikuwa nzuri. Niliwaambia wenzangu kwamba hatukuhitaji dawa ya mtu.

Jumapili alasiri mkokoteni ulisimama mlangoni. Mwenye boti wa Katonga alikuwa anausukuma mwenyewe. Alikuwa na mizigo minne ya kebo za umeme, zile nene za kwenye nguzo kubwa, alumini tupu isiyo na kitu kingine, zimekunjwa kama kamba. Akasema ni mzigo wa Feliksi.

Nikamwambia Feliksi hayupo, na hapa hatununui.

"Ameshanunua," akasema. "Kilo sitini na mbili. Alinipa saa na vijisenti. Nilimwambia nitaleta Jumapili, boti ikishapakuliwa."

Alipotamka Jumapili, Omari akaweka tupa chini. Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Nilimwuliza mwenye boti, naye ni mtu wa Uvira, kwao Jumapili wanaiitaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Siku ya Mungu."

Mama alikuwa dirishani anachambua mchele. Alisema, bila kuinua macho, kwamba Jumatano alimsikia Feliksi vizuri. Alisikia amenunua alumini kilo sitini na mbili kwa bei nzuri. "Nikashangaa unamkemea mtu kwa kununua," akasema. "Nikadhani mna yenu ya kazini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Gharib, bibi yako alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa naye dukani. 'Kaniuzie mafuta ya taa.' Ulikuwa unarudi na mafuta. Nilijuaje kwamba siku hizi husikii?"

Tulipima kebo, zilikuwa kilo sitini na mbili kamili.

Jumatatu Wilfred alikuja na gari na vijana wake wa ghala. Aliwasha moto uani kwetu, akajaribu moja moja, kwa utaratibu, bila haraka. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilipomwagiwa maji ilitoa mlio mdogo, kama kidole kinachovunjwa, na ufa ukatembea kutoka kwenye sikio mpaka chini. Ya tatu na ya nne zilipita kwenye maji zikafa kwenye saruji. Tulisimama pale mpaka saa kumi. Wilfred hakusema neno baya. Alisema shirika litaagiza tena kutoka nje, sufuria nene kidogo, na kwamba anasikitika. Omari alimwuliza zitatoka kampuni gani. Akasema hajui, ila zina ndege fulani chini.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la mahindi kwenda Lugufu. Nilibeba mzigo mmoja wa kebo begani, sijui kwa nini, labda ili nisiende mikono mitupu. Kambi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, mahema na nyumba za udongo mpaka kwenye miti. Niliuliza fundi wa alumini. Watu watatu walinielekeza bila kufikiri.

Alikuwa amekaa juu ya kopo la mafuta mbele ya kibanda, na nyundo ndogo. Kando yake palikuwa na rundo la sufuria za bundi zenye matundu. Alikuwa anaziziba kwa ribiti. Aliinuka, akanipa mkono, akanipa lile kopo nikalie, yeye akachuchumaa. Akasema anatengeneza mali ya Kampuni, na Kampuni bado haijamlipa.

Nilimwambia kebo zimefika. Nilimwambia nilikosea neno, na nilikosea siku. Nilisema yote kwa mara moja kwa sababu nilijua nikipumua sitaendelea. Alinisikiliza kama siku ile, mpaka mwisho.

"Swali moja tu, Muzee," akasema. "Mutu akiuzisha, franga zinakuwa mukononi mwake. Haukuuliza franga ziko wapi."

Ni kweli. Sikuuliza. Niliangalia mkono wake nikaona saa haipo, sikuangalia mfuko wake nione kama kuna pesa. Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu kwa mwuza mihogo.

Kisha akaniuliza habari za sufuria. Nikamwambia zimepasuka. Akakunja uso, akahesabu kwenye vidole: kalibu zote tayari, usiku mmoja wa kumimina, pistoni nusu, kebo nusu, chumvi, moto mdogo. Haiwezekani zipasuke. Nikamwambia kebo zilitukuta tumekwisha kusubu kwa lundo lililokuwepo.

"Hata lile lingetoa kitu," akasema. "Nililisafisha. Kabureta zote na vyuma vyote vyenye zinki nilivitoa. Siku tatu nilipiga tupa kila kipande na kuweka tone la maji ya betri. Chenye kutoa povu, nje. Niliviweka nyuma ya choo ili musivichanganye." Akanitazama. "Vile vya nyuma ya choo mulivitupa?"

"Tulivirudisha."

"Vyote?"

"Magunia yote matatu."

Aliinama. Nilidhani analia, kumbe anacheka, bila sauti, mabega tu. Akasema kule kwenye ukumbi wa vyungu kulikuwa na Mzungu mmoja mzee aliyewaambia kwamba uchafu wa moja kwenye mia unatosha kuua chungu. Yeye hakuamini mpaka leo.

Nikamwambia nimekuja kumrudisha. Tulikwenda pamoja mpaka kwenye ofisi ya kambi. Karani, mama mmoja wa makamo, alitafuta faili akalipata. Ndani yake palikuwa na nakala ya karatasi ya Leodgar, yenye saini yangu mara mbili, moja ya kumkubali na moja ya kumkana. Alisema ya tatu haina pa kuandikwa. Aliisema kwa upole, kama anayeeleza bei ya kitu kilichokwisha. Nilirudi mara nne kuuliza, kwa mwaka ule na uliofuata. Mara ya nne alikuwa karani mwingine na jibu lilikuwa lile lile.

Kebo niliyobeba nilimwachia Feliksi. Alisubu vijiko na miiko kwenye shimo alilochimba mwenyewe, akawauzia watu wa kambi. Au akawauzisha, kama anavyosema yeye. Alirudi Uvira mwaka 2005 kwa meli, akapitia Kigoma, nikaenda bandarini. Wakimbizi hawakuruhusiwa kushuka kwenye mabasi ya kambi kabla ya kupanda meli. Tulipungiana kupitia dirishani.

Saa niliitafuta. Mwenye boti alikuwa ameiuza kwa fundi wa meli, fundi wa meli akahamishiwa Mpulungu, Zambia.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Sufuria arobaini zilisubiwa, thelathini na moja zilipasuka, tisa zilipita. Sufuria mia sita hazikusubiwa. Wale ndugu wawili wa Mwandiga waliondoka kabla ya mwaka mpya, tukabaki wawili mimi na Omari, na tupa moja. Kebo kilo sitini na mbili: kilo kumi na tano zilikwenda Lugufu, arobaini na saba tulizisubu sufuria za nyumbani, na hakuna hata moja iliyopata ufa. Saa moja ya mkononi, aliyoivaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka minane ya mtu mmoja kambini, umbali wa safari ya nusu siku. Saini mbili. Swali moja ambalo halikuulizwa.

Sufuria ya bundi ninayo moja, mama anapikia. Ndege yuko chini yake bado. Mama alikataa nimkwangue.